Swichi za mwanga kwenye CNC ndogo: zifunge ili zikifa ujue

Mashine ndogo ya CNC, kama ile ya 3018 ambayo mafundi wengi huanzia nayo, haijui iko wapi. Ukiiwasha, pale ilipolala ndipo inapopaita sifuri, na kuanzia hapo inahesabu tu hatua ilizoziamuru. Haiulizi kama mota zimezitimiza. Ukiituma milimita 350 kwenye mhimili wenye milimita 300, itakwenda mpaka igonge chuma, mota zikorome, na bodi iendelee kuhesabu vilevile hadi amri iishe. Tangu hapo kila mkato unaangukia mahali pasipo pake, na kioo cha kompyuta kinaonyesha kuwa mambo ni shwari.

Swichi zinatibu matatizo mawili tofauti, na ni vizuri uyatenganishe mapema. La kwanza ni kikomo: mashine ikikaribia kugonga, swichi inaisimamisha. La pili ni nyumbani: kila ukiiwasha, mashine inazitafuta swichi zilezile, inazifikia polepole, na hapo inajua kona yake ni ipi, leo kama jana. Swichi moja inaweza kubeba kazi zote mbili. Watu wengi huzinunua kwa kuogopa kugonga. Kwa maoni yangu faida kubwa zaidi iko kwenye nyumbani, na utaiona siku umeme utakapokatika kazi ikiwa katikati.

Mwongozo huu ni wa swichi za mwanga, kwenye mashine inayotumia bodi ya Arduino Uno yenye programu ya GRBL toleo la 1.1, pamoja na bodi ya juu yake iitwayo CNC Shield. GRBL ilianzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norway, ikaendelezwa kwa miaka na Sungeun Jeon, na mpaka leo ndiyo unayoikuta kwenye mashine nyingi za bei nafuu. Kama bodi yako ni nyingine, majina ya mipangilio yatabadilika, lakini hoja ni ileile.

Kitambuzi cha mwanga ni kidude chenye umbo la herufi U. Upande mmoja taa ya LED inatoa mwanga wa infraredi ambao macho hayauoni. Upande wa pili kuna fototransista inayoupokea. Katikati kuna mwanya, wa milimita 3 hivi kwenye TCST2103 ya Vishay, na wa milimita 5 kwenye EE-SX671 ya Omron na ndugu zake. Kibendera chembamba kilichofungwa kwenye sehemu inayotembea kikipita kwenye mwanya, mwanga unakatika na fototransista inaacha kupitisha umeme. Hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinacholika. Swichi ya kubofya ikikanyagwa kupita kiasi mkono wake unapinda, na ukipinda, nyumbani imehama bila wewe kujua. Kibendera kinapitiliza tu na kurudi.

Bei ya starehe hiyo ni kwamba kitambuzi kinahitaji umeme ili kifanye kazi, na kitu kinachohitaji umeme kina njia nyingi za kufa kimyakimya. Waya hukatika ndani ya koti lake kwa kukunjwa mara elfu. LED huungua. Plagi hulegea kwa mtikisiko wa spindo. Swali la kujiuliza kabla ya kushika solda ni hili: kitambuzi changu kikifa, bodi itaona nini? Ikiwa itaona kwamba hali ni salama, umejenga kikomo cha kufikirika tu. Ikiwa itaona kwamba mashine imefika mwisho, itasimama na kupiga alamu, nawe utakereka kidogo kisha utafute waya uliokatika. Kila uamuzi utakaoufuata hapa chini unatoka kwenye swali hilo.

Tuanze na waya. Ukinunua kitambuzi kitupu, kisicho na bodi yake ndogo, kina miguu minne: miwili ya LED, miwili ya fototransista. LED hulishwa kutoka volti 5 kupitia rezista. LED ya infraredi inajibakizia takriban volti 1.2, kwa hiyo rezista ya oumu 220 inapitisha miliampia 17 hivi, na ya oumu 330 inapitisha kama 11.5. Mimi napendelea 330. Mwanga unatosha, na LED isiyosukumwa sana hudumu zaidi. Upande wa fototransista, mguu wa emita unakwenda GND, na mguu wa kolekta unakwenda kwenye pini ya kikomo ya bodi. Arduino ina rezista yake ya ndani inayoivuta pini hiyo juu kuelekea volti 5, lakini ni dhaifu, kati ya kiloumu 20 na 50. Ongeza yako ya kiloumu 10 kati ya pini na volti 5, na uiweke upande wa bodi, si kule kwenye kitambuzi, ili waya ukikatika njiani bado iwepo ya kuivuta pini juu.

Sasa angalia kinachotokea. Mwanya ukiwa wazi, fototransista inapitisha, pini inashuka karibu na volti 0. Kibendera kikiingia, inaacha kupitisha, pini inapanda hadi volti 5. LED ikiungua, pini inapanda. Waya wa umeme ukikatika, inapanda. Waya wa ishara ukikatika, inapanda. Vifo vyote hivyo vinaonekana sawa na kibendera kuingia, na mashine inasimama. Hivyo ndivyo unavyotaka.

GRBL yenyewe, ikitoka ilivyo, imezoea kinyume chake: inadhani pini ikishuka ndiyo swichi imeguswa. Andika $5=1 na itageuka. Katika toleo la 1.1 mpangilio huo ni mmoja kwa mihimili yote, huwezi kuugeuza kwa X ukauacha Y. Kwa hiyo usichanganye swichi zenye tabia tofauti. Swichi ya kubofya bado inaweza kukaa kwenye Z ukitaka, mradi uifunge kwenye miguu ile inayokuwa imeungana wakati haijabofywa, upande mmoja GND na mwingine kwenye pini. Nayo ikikatika waya, pini inapanda, na inakubaliana na vitambuzi vya mwanga chini ya $5=1.

Kuna mambo mawili hapa yanayowachanganya watu. Pini ya kikomo isiyofungwa kitu inavutwa juu, na chini ya $5=1 ikiwa juu maana yake imeguswa. Ukifunga X na Y tu, ukaiacha Z tupu, bodi itaamini kwamba Z iko kikomoni siku zote na, vikomo vikiwashwa, itagoma kutembea. Unaweza kuipeleka pini ya Z kwenye GND kwa waya mfupi ili itulie, lakini basi Z haitakuwa na nyumbani, na ukiamuru mashine itafute nyumbani itaanza na Z hiyohiyo isiyo na swichi. Funga mihimili yote mitatu. Kitambuzi cha tatu kina bei ndogo kuliko usumbufu huo.

Jambo la pili linahusu pini ya Z yenyewe. CNC Shield toleo la 3 ilichorwa wakati wa GRBL ya zamani, na plagi iliyoandikwa Z+ na Z- inakwenda pini 11 ya Arduino. GRBL ya sasa huitumia pini 11 kuendeshea mwendo wa spindo, na kikomo cha Z kimehamia pini 12, ambayo kwenye bodi hiyo imeandikwa SpnEn. Waya wa ishara wa Z uchomeke hapo. X iko pini 9 na Y iko pini 10, kama zilivyoandikwa.

Wengi hawatanunua kitambuzi kitupu; watanunua kile kilichokwisha kulehemiwa kwenye bodi ndogo yenye miguu mitatu, VCC, GND na SIG. Ni kitu kizuri, ila usiiamini karatasi ya muuzaji kuhusu tabia yake. Kilishe volti 5, weka ncha nyeusi ya mita kwenye GND na nyekundu kwenye SIG, uangalie. Mwanya wazi unatakiwa kusoma karibu na 0, na ukiuziba kwa rula ya chuma usome karibu na 5. Ikiwa ni kinyume, bodi hiyo ndogo inageuza ishara ndani yake, na kitambuzi hicho kikifa huenda bodi kubwa isijue. Tafuta kingine. Vya Omron vya familia ya EE-SX67 vinakuachia uchague: mguu wa L ukiunganishwa na mguu wa umeme chanya, kitambuzi kinapitisha kikiona mwanga, na hiyo ndiyo hali tunayoitaka; ukiachwa wazi, kinapitisha kikizibwa. Vinakubali umeme wa volti 5 hadi 24. Ukivilisha 12 au 24, pima kwanza waya wa ishara kabla haujagusa Arduino, kwa sababu pini yake haivumilii zaidi ya volti 5.

Na usome namba zenyewe, usiridhike na kuona zimebadilika. Chipu ya Uno inaihesabu pini kuwa chini ikiwa haizidi volti 1.5, na juu ikiwa imefika volti 3. Kati ya hapo hakuna ahadi. Kitambuzi kinachosoma volti 2 mwanya ukiwa umezibwa kina kasoro: ama kibendera kinapitisha mwanga, ama jua linaingia pembeni, ama pini haivutwi juu kwa nguvu. Kama hakisomi chochote cha maana, elekeza kamera ya simu kwenye upande wa LED. Kamera nyingi, hasa za mbele, zinaona infraredi kama nuru ya zambarau hafifu. Ukiiona, LED iko hai na tatizo liko upande wa pili.

Kibendera kinastahili nafasi yake, kwa sababu hapo ndipo kazi nzuri ya waya huharibika. Watu hukichapa kwa plastiki au kukikata kwenye kipande chochote kilicho karibu. Plastiki inayoonekana nyeusi kwa macho inaweza kuwa kama kioo kwa infraredi, ikitegemea rangi iliyotumika, na plastiki nyeupe iliyo nyembamba karibu kila mara inavujisha. Karatasi nayo inavujisha. Tumia bati au alumini ya unene wa milimita 1, ukingo wake umepigwa tupa ukawa mnyoofu. Ukingo huo ndio unaoamua nyumbani ni wapi, na ukiwa na vinyoleo vinavyoning'inia, nyumbani itahama siku vitakapokatika.

Urefu wake upime. Tuseme kibendera kinakata mwanga zikiwa zimebaki milimita 5 kabla chuma hakijagonga chuma. Basi kibendera kiwe na urefu wa zaidi ya milimita 5 kuelekea upande wa safari, ili hata mashine ikipitiliza mpaka mwisho wa chuma bado mwanga uwe umekatika. Kikiwa kifupi kitaingia mwanyani, kitoke upande wa pili, na mashine iliyo ukingoni itasoma kwamba iko huru. Pia kipite katikati ya mwanya bila kugusa kuta wala kitako cha U. Sogeza mhimili kwa mkono mashine ikiwa imezimwa, ukitazama kwa tochi, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Daraja linalobeba spindo likilegea linaweza kuyumba nusu milimita, na mwanya wa milimita 3 haukupi nafasi kubwa ya kusamehe. Hapo ndipo mwanya mpana wa Omron unapolipa gharama yake.

Swali linalokuja mara kwa mara ni la miisho miwili. Kila mhimili una mwisho wa kushoto na wa kulia, lakini pini ni moja. Kwa swichi za kubofya zinazoungana zikiguswa, watu huzifunga sambamba, yaani zote mbili kati ya pini na GND, na yoyote ikiguswa pini inashuka. Ukifanya hivyo kwa fototransista zetu umeua kikomo. Moja ikizibwa inaacha kupitisha, lakini mwenzake wa upande wa pili bado anaona mwanga na anaishikilia pini chini, kwa hiyo bodi haioni lolote. Zifunge kwa kufuatana: kolekta ya kwanza kwenye pini, emita yake kwenye kolekta ya pili, emita ya pili kwenye GND. Hapo yeyote akizibwa njia inakatika na pini inapanda. Fototransista mbili zinazofuatana huacha sehemu ndogo tu ya volti juu ya sifuri, chini kabisa ya ile 1.5, basi hakuna tatizo. Hili linawezekana kwa vitambuzi vitupu. Vile vya miguu mitatu havifungiki hivyo.

Njia ninayoipenda zaidi ni kitambuzi kimoja na vibendera viwili. Kwenye 3018 meza ndiyo inayotembea kwenye mhimili wa Y. Funga kitambuzi kwenye fremu chini ya meza, na vibendera viwili chini ya meza yenyewe, kimoja kila mwisho, vikiwa vimeachana kwa urefu wa safari pamoja na upana kidogo. Kitambuzi hakitembei, waya wake haukunjwi, na miisho yote miwili inalindwa kwa pini moja. Kwenye X, ambapo kinachotembea ni kibebeo cha spindo, unaweza kukigeuza: kitambuzi kipande kwenye kibebeo na vibendera vikae kwenye nguzo, ila sasa waya unasafiri, basi uufunge vizuri pamoja na wa mota. Sharti moja tu: kabla ya kuamuru nyumbani, hakikisha hakuna kibendera kilichomo mwanyani. GRBL haiwezi kujua ni cha upande upi, na kikiwa cha upande usio wake haitapata nyumbani ya kweli.

Vumbi. Hapa ndipo swichi za mwanga hupata sifa mbaya, na ni kweli kwamba unga wa MDF unapenya popote. Lakini fikiria tena kwa swali letu la mwanzo. Kwa namna tulivyofunga, vumbi likijaa mwanyani linakata mwanga, na mashine inasimama kwa alamu ya bure. Ni kero, si ajali. Aliyefunga kinyume, vumbi halimsumbui mpaka siku LED itakapofifia na kibendera kupita bila kuonekana. Elekeza mdomo wa U chini au ubavuni, usiuelekeze juu ukawa kikombe cha unga, na uusafishe kwa brashi laini ya rangi. Hewa ya kompresa husukuma unga ndani zaidi. Kama kazi yako kubwa ni alumini yenye mafuta ya kupoza, sikushauri mwanga hata kidogo: tone la mafuta linapinda mwanga, na vinyoleo vinanasa. Kwa kazi hiyo nunua vitambuzi vya sumaku-umeme vinavyohisi chuma.

Jua ni hatari kuliko vumbi, na watu hawalitaji. Mwanga wa jua umejaa infraredi. Banda lililo wazi upande wa magharibi linaweza kuwa na mashine inayofanya kazi vizuri asubuhi na kushindwa kupata nyumbani saa kumi alasiri, kwa sababu kibendera kimeziba LED lakini jua linaingia pembeni na kuiangaza fototransista, na pini inabaki chini. Hili ni mojawapo ya makosa mawili ambayo mpangilio wetu hauyakamati. Lizuie kwa kipande cha bati juu ya kitambuzi, au ukiweke chini ya daraja ambako jua halifiki.

Kosa la pili ni waya wa ishara kugusana na waya wa GND. Pini inashikiliwa chini, na bodi inaona hali ni shwari milele. Dawa yake ni ile ada ya kutafuta nyumbani kila unapowasha. Mhimili wenye waya uliogusana hautapata swichi. GRBL itausukuma mpaka umbali wa mara moja na nusu ya safari uliyoandika, kisha itoe ALARM:9. Utasikia mota ikikoroma ukingoni kwa muda, na utajua kabla biti haijagusa mbao.

Kelele za umeme zinasumbua zaidi mashine yenye spindo ya brashi au ya inveta. Waya mrefu wa ishara unaopita kando ya waya wa spindo unaokota mapigo, na katikati ya kazi ya saa mbili mashine inasimama kwa kikomo ambacho hakikuguswa. Tenganisha njia za nyaya hizo, sokota waya wa ishara pamoja na wa GND, na ikibidi tumia waya wenye koti la nyuzi za shaba, koti hilo likifungwa GND upande wa bodi tu. Kisha weka kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya pini na GND, karibu na bodi. Pamoja na rezista ya kiloumu 10 inachelewesha ishara kwa takriban milisekunde moja. Kwa mwendo wa polepole wa kutafuta nyumbani, milimita 25 kwa dakika, milisekunde moja ni chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Hupotezi kitu.

Baada ya waya, programu. Usiwashe vikomo kwanza. Andika $5=1, kisha tuma alama ya kuuliza peke yake. GRBL inajibu kwa mstari wa hali yake. Ziba mwanya wa X kwa rula ya chuma, uulize tena: mwishoni mwa mstari inapaswa kutokea Pn:X. Ondoa rula, ipotee. Fanya hivyo kwa Y na Z. Kama herufi iliyotokea si ya mhimili uliouziba, rekebisha plagi sasa hivi.

Kisha $22=1 inawasha nyumbani. GRBL hupandisha Z kwanza ili biti itoke kwenye kazi, halafu inapeleka X na Y pamoja, na isipoambiwa vingine inaelekea upande chanya wa kila mhimili, kona ya nyuma kulia. Wengi wanapenda kona ya mbele kushoto; hiyo ni $23=3, ambapo 1 ni ya X na 2 ni ya Y, na Z inabaki kwenda juu. Toa biti kwenye spindo, sogeza kila mhimili katikati, weka kidole kwenye swichi ya umeme, ndipo uandike $H. Mhimili ukianza kuelekea upande usio wake, zima, badilisha $23, rudia. Mashine itaenda kwa kasi ya $25, igundue kibendera, irudi nyuma, kisha ije tena polepole kwa kasi ya $24. Mwisho inajiondoa kwa umbali wa $27, ambao kiwandani ni milimita 1. Ukipata ALARM:8, umbali huo haukutosha kukitoa kibendera mwanyani. Ongeza hadi 2 au 3.

Nyumbani ikipatikana, tembeza kila mhimili polepole mpaka karibu na mwisho wa pili, tazama namba ya MPos, yaani mahali mashine ilipo, imebadilika kwa milimita ngapi tangu nyumbani, punguza milimita mbili au tatu, uiandike kwenye $130 kwa X, $131 kwa Y na $132 kwa Z. Halafu $20=1. Hiki ni kikomo cha hesabu: GRBL inakataa amri inayovuka mipaka kabla mota hazijavuka. Hakiwezi kuwashwa bila nyumbani, kwa sababu hesabu bila mahali pa kuanzia haina maana. $21=1, inayowasha vikomo vya swichi zenyewe, iwe ya mwisho. Hesabu ndiyo ikulinde kila siku, swichi zibaki za dharura, kwa sababu swichi ikiguswa katikati ya mwendo GRBL inakata mapigo papo hapo bila kupunguza kasi, hatua zinapotea, na lazima urudi nyumbani upya. Na hakuna hata moja kati ya hizo inayochukua nafasi ya kitufe chekundu cha kukata umeme wa spindo na mota. Kiwe karibu na mkono wako.

Sasa ule umeme unaokatika. Kabla ya kuanza kazi, ukiisha kuweka biti kwenye kona ya ubao, tuma G10 L20 P1 X0 Y0 Z0. Amri hiyo inaihifadhi sifuri ya kazi kwenye kumbukumbu isiyofutika ya bodi, ikihesabiwa kutoka nyumbani. Usitumie G92, maana haisalii baada ya kuzima. Umeme ukikatika, usiguse ubao wala vibano. Ukirudi, inua Z kwa mkono ikiwa biti imezama, tuma $H, kisha peleka biti juu ya X0 Y0 ikiwa hewani na uitazame. Itakuwa juu ya kona ileile. Rudi kwenye faili, tafuta mstari ulio kabla kidogo ya pale ilipokomea, washa spindo kwanza, uendelee. Mashine isiyo na nyumbani ingekulazimisha kukisia kwa macho, na mchoro wa mlango wenye maua ya Kipwani hausamehe hata nusu milimita.

Kujua nyumbani yako inarudi kwa usahihi gani, huhitaji saa ya kupimia. Funga biti ya ncha kali na kipande cha alumini chini yake. Tuma $H, nenda kwenye namba moja uliyoichagua, gusa chuma uache nukta. Zima mashine kabisa, sogeza kila mhimili kwa mkono, washa, rudia. Tazama kwa lenzi. Nukta zikiangukiana, umefaulu. Zikitawanyika, kaza skrubu za kibendera na za kitambuzi kabla hujalaumu kitu kingine.

Jaribio la mwisho lifanye siku ya kwanza, kisha kila mwezi. Mashine ikiwa imewashwa na imetulia, spindo ikiwa imezimwa, chomoa plagi ya kitambuzi kimoja kimoja. Plagi ya kitambuzi, si ya mota, kwa maana kuchomoa mota yenye umeme kunaunguza kiendeshi chake. Kila ukichomoa, bodi lazima itoe ALARM:1. Ikikaa kimya kwa hata mhimili mmoja, usikate kazi ya mteja mpaka ujue ni kwa nini.